Pua ya Fundi

Nilimwajiri fundi wangu kwa sababu ya pua yake. Katapila langu la kwanza, chakavu lakini langu, lilikuwa linaburuta mguu mmoja, nikamwita alione. Mota zinazoendesha minyororo ya mashine hizo zina pistoni ndogo zinazosukumwa na oili. Oili ikipata moto ikawa nyepesi kupita kiasi, chuma kinasugua chuma. Mkewe, aliyekuwa amemletea chakula, alikuwa amefungua kifuniko cha tangi na kuinama hapo.

"Jua kali, baba," akasema mkewe.

Fundi akachovya kidole, akasugua, akanusa. "Bosi, umeuziwa oili iliyokwisha tumika, ikachujwa ikang'aa. Imeungua hii."

Nami nilijiona mjanja wa sokoni.

Tangu hapo sikununua oili bila yeye, naye hakuja bila mkewe. Shemeji ndiye aliyefungua mapipa na kuyapangusa vumbi. Akilalamikia jua, fundi alikataa pipa. Nilidhani mama wa watu hapendi joto. Wauzaji walimtania: "Mama, unaogopa nani atamwiba mzee huyu?"

"Ninyi hapo," akawajibu. "Mtamchuja, mumuuze kama mpya."

Presha ikamchukua shemeji ghafla. Baada ya mazishi nilimwambia fundi apumzike.

"Nikikaa nyumbani nitaongea na kuta," alisema. "Niachie kazi yangu, bosi. Nisipochagua oili, hapa nakaa kama nani?"

Tukaenda kwenye mapipa. Alisimama muda na kifuniko mkononi, akatazama pembeni yake, kisha akachovya kidole na kukipeleka puani.

"Vipi?"

"Safi."

Nikabana bei hadi muuzaji akakuna kichwa.

Wiki hiyohiyo katapila lilipanda mwinuko kwenye joto la mchana, likakwama. Tulipofungua mota, pistoni zilikuwa zimechubuka, oili imejaa chembe za chuma. Nilipoinamia pipa lililobaki, harufu ya kuungua ikanipiga, mimi nisiye fundi.

"Fundi, hii huisikii?"

Alifuta pistoni moja kwa kitambaa, akaifuta tena.

"Sijasikia harufu tangu kabla hujanijua. Mvuke wa dawa ya kuoshea vyuma uliiua pua. Aliyekuwa ananusa ni mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniajiri?"

"Nisingekuajiri."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kufuta.

Sikumfukuza. Kwa mshahara ule sipati mwingine anayefunga mota kama yeye. Lakini oili nanusa mwenyewe sasa. Mota ile imekwenda na maji, ila hakuna muuzaji anayenichezea tena. Fundi bado anashika spana zake. Siku za kununua oili tunakwenda naye kwa mazoea tu, na tukifika hashuki garini. Anabaki kiti cha nyuma, amejibana dirishani kama zamani, nafasi ya mtu mmoja imebaki wazi pembeni yake.