Mbao za Mlima, Mbao za Ziwa

Mama yangu alikimbia Uvira katika uasi uliofuata uhuru, dada yangu akiwa mgongoni. Mimi nilikimbia katika uasi mwingine, binti yangu akiwa mgongoni. Asije mtu kuniambia ndivyo dunia ilivyo. Nilikuwa na diploma ya sekondari ndani ya fremu ukutani, na mtoto wa kunyonya mwenye homa iliyokataa kushuka. Dispensari ya mtaa wetu wa Kilibula ilikuwa imefungwa, muuguzi ameshakimbia na ufunguo.

Milio ya bunduki ilikuwa inatufikia kutoka bonde la Ruzizi. Mume wangu, fundi wa redio, alikwenda Bukavu kutafuta vipuri, na njia ikafungwa nyuma yake. Dawa ilikuwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa na kusini, na boti iliyobaki ufukoni ya kufika huko ilikuwa moja tu, ya mbao, ya mzee mmoja aliyeitwa na kila mtu Patron.

"Imejaa, mama," aliniambia. "Hata kuku hapati nafasi." Kisha akaniangalia vizuri. "Si weye bibi wa yule fundi? Yeye iko wapi? Nafasi yake niliiweka."

Mume wangu alikuwa amemfungia muziki mle botini: mashine ya kaseti, batri ya gari, na bafle mbili za kutolea sauti, moja kila upande. Ila nyaya alikuwa bado hajazificha. Zilining'inia ndani ya boti kama utumbo wa mbuzi. Na wanajeshi wa serikali waliokuwa wanarudi nyuma walipekua na kupora kila chombo kabla hakijaondoka. Mashine na batri Patron alikuwa ameshavichimbia chini ya magunia ya dagaa, na bafle kila moja upande wake. Tatizo lilikuwa nyaya. Wakiona waya wataufuata, na wasipofika kwenye mashine watachukua boti yenyewe.

"Si uzing'oe?" nilimuuliza.

"Nizing'oe? Kigoma nitaishi na nini? Nitabeba maharusi, mama. Boti bila muziki inabeba maiti tu."

Watu wanakufa Ruzizi na huyu anawaza maharusi. Ningekuwa na nguvu ningemtupa majini. Badala yake nilisema, "Minye nitazificha."

Alicheka mpaka akakohoa. "Weye?"

"Nani unadhani alikuwa anamshikia taa? Nafasi ya fundi iwe ya mtoto wangu na mimi."

Aliacha kucheka. "Sawa, mama fundi. Waya hata mmoja ukionekana, unashuka."

Boti ilikuwa imevutwa mchangani, imelala sambamba na ufuko. Kwa ndani, mbavu zake zilifunikwa na mbao nyembamba zilizokazwa kwa skurubu. Kazi ilikuwa kuzifungua zote, kupitisha nyaya nyuma yake, kuzifunga kwenye mbavu kwa vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli, kisha kurudisha mbao. Nilimlaza mtoto kwenye kivuli cha boti, juu ya kikwembe changu cha kumbebea, nikaanza kulegeza skurubu kwa turnevisi ya mume wangu, yenye mpini ulioungua upande mmoja.

Kila ubao ulikuwa na mkunjo wake. Boti ile ilitengenezwa kwa macho, si kwa kipimo, na tumbo lake lilikuwa nene upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo ubao wa huku haukubali kule. Nilijua hilo, nikaziandika kwa chaki kwa nyuma, kuanzia mbele ya boti kwenda nyuma: Mlima moja, Mlima mbili, Ziwa moja, Ziwa mbili. Ungeandika nini kingine? Uvira imebanwa kati ya mlima na maji. Hata jikoni tunaambiana sogeza sufuria upande wa ziwa. Kulia na kushoto ni maneno ya shuleni.

Nyaya zilipokwisha kufungwa, mtoto alitapika. Nilimbeba mpaka kwa jirani mmoja aliyekuwa bado na maji yaliyochemshwa, nikamnywesha kwa kijiko na kumnyonyesha. Nikarudi mbio.

Nilianza kurudisha mbao. Mlima moja haukukaa. Matundu ya skurubu yalikataa kukutana. Nikajaribu wa pili, ukabinuka. Nikasema jua limeukausha, nikaulazimisha kwa goti. Ulipasuka kama biskuti.

"Unavunja boti yangu?" Patron alikuwa ameinama juu yangu. Nyuma yake abiria walikuwa wameanza kuingia na magodoro yao.

"Mbao zako zimepinda."

"Zilikuwa zinakaa asubuhi."

Nilikaa chini nikiwa na kipande mkononi. Mtoto alikuwa analia kile kilio chembamba cha mtu aliyechoka. Niliangalia mlima, nikaangalia maji, na hapo ndipo nilipoona pua ya boti inaelekea kusini. Asubuhi ilikuwa inaelekea kaskazini.

"Mliigeuza?"

"Bila shaka tuliigeuza. Kigoma iko wapi, Burundi?"

Upande wa mlima ulikuwa umekuwa upande wa ziwa. Nilibadilisha mbao zote, za huku kule na za kule huku, huku watu wakinikanyaga vidole, mama mmoja akiniambia nipishe sufuria zake. Zote zilikaa, isipokuwa ule nilioupasua. Pale palibaki pengo la upana wa mikono miwili, na ndani yake waya mwekundu.

"Unashuka," alisema Patron.

Nilichukua kikwembe, nikakipigilia juu ya pengo kwa misumari, ncha ikaning'inia. Kilikuwa kimelowa mikojo. Nikaketi chini yake na mtoto mikononi. "Nitoe mwenyewe," nilimwambia.

Hakupata muda. Wanajeshi walikuwa wameshapanda.

Mmoja, kijana wa umri wangu, alichoma magunia ya juu kwa mtutu, akapapasa magodoro, kisha akasimama mbele yangu.

"Mama, mtoto analia. Mubebe mugongoni. Kikwembe si hicho?"

"Kiko na mikojo, chef. Nakianika."

Alikishika ncha. Akavuta kidogo. Patron aliangalia maji. Mimi niliangalia vidole vile, na msumari wa juu ukisogea kwenye ubao. Kisha yule kijana akanusa mkono wake.

"Huyu mutoto anakunywa ziwa zima?" alisema, na wenzake wakacheka. Alijifuta mkono kwenye bega langu, taratibu, vidole vyote, akashuka.

Kigoma walimpa mtoto dawa, na leo anakimbia. Lakini siku ile, ziwani, nilikuwa sijui hilo. Nilimshika mikononi tu, sina cha kumfungia, na mwili wake ulikuwa unaniunguza kifuani. Tulipokuwa mbali na bunduki, Patron alifukua mashine yake na bafle, akaweka kaseti. Sauti ilitoka upande mmoja. Upande wangu ulikuwa kimya. Msumari wangu mmoja ulikuwa umekata waya.

"Mama fundi," aliita kwa furaha kama mtu ambaye hakuwahi kutaka kunishusha, "upande wa mlima hauimbi. Njoo utengeneze."

Niliinua kichwa. Milima ilikuwa pande zote mbili, ya Burundi na ya kwetu, na ya kwetu ilikuwa imeshakuwa mbali na ya bluu kama ya watu wengine.

"Mlima gani?" nilimuuliza.

Alinyoosha mkono, akasita. Sikusimama.