Posa ya Newala na Kiu ya Bomani

Siku mjomba aliponipeleka kuposa Newala naikumbuka hadi leo, mwanangu, hasa sasa ninaposikia na wewe umeanza kupiga pasi mashati.

Tulitoka Mkunya asubuhi kwa miguu. Somoe, binti niliyemtaka, mwenyewe alishanikubali. Kazi ilikuwa kwa bibi yake. Bibi huyo alikuwa mtoto wakati wa vita vya Wajerumani. Wareno walipoliteka boma la Newala, mama yake alichukuliwa kuwapikia, naye akaingia humo mgongoni. Wajerumani wakarudi, wakalizingira boma, wakafunga njia ya chemchemi bondeni. Wewe unafungua bomba tu, hujui. Huku juu kwetu, bonde likifungwa umekwisha. Waliokuwa ndani walilamba umande wa majani, na bibi hakumsamehe kamwe mtu aliyewaonyesha Wajerumani chemchemi ile.

Mtu huyo alikuwa babu yangu, baba yake mjomba.

"Mjomba, ya babu tusiyaguse," nilimwomba njiani.

Akasimama palepale. "Unataka kuoa au unataka kujificha? Newala hii watu hawajuani? Utalala na hofu kila siku, na mtoto wa watu ubavuni!"

Nilikasirika kwelikweli.

Tulipofika, baada ya shikamoo na kukaribishwa mkekani, mjomba hata uji hakuugusa. Akalisema lote la babu. Nilitamani ardhi inimeze. Somoe, nyuma ya mlango, akaacha kutwanga.

Bibi akauliza, "Kwa nini aliwaonyesha?"

"Walimfunga kamba shingoni, mama. Alikuwa mpagazi wao."

Bibi akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mama yangu nani alimuuliza kama anataka kuwapikia Wareno?" Halafu akanigeukia, akacheka. "Lakini wewe maji yangu utayateka mwenyewe. Kichwani, kama mwanamke!"

Nilicheka hovyo, machozi yananitoka. Mchi ukaanza tena.

Basi, jambo la aibu la kwenu litaje mwenyewe, mapema, umekaa mbele ya wenyewe. Na ukisikia la kwao, uliza kwanza lilivyotokea. Wageni wawili waligombana juu ya migongo ya wazee wetu, sisi tusiyaendeleze.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ujasiri wa kusema, na huko uendako akukutanishe na watu wanaouliza kabla ya kukasirika.