Sweta ya Mama na majibu yangu ya damu

Leo nimejua Mama hakuwa mvivu.

Nilienda kuchukua majibu ya damu. Nikaona namba ya tezi iko juu, nikafurahi, nikidhani inafanya kazi vizuri.

"Hapana, mathe," daktari akasema. "Hii ikiwa juu, tezi ya shingo imelala. Ubongo unaipigia kelele iamke."

Nikamkumbuka Mama.

Nakuru, 1974, nyumba za reli. Mama amevaa sweta kwa jua kali, uso umevimba, usingizi hauishi. Kila asubuhi Baba anampigia kelele: "Amka, mvivu wewe." Majirani wakaja hata kumwombea, pepo wa uvivu atoke.

Tulimzika na hiyo sweta.

"Na dawa iko?" nikamuuliza daktari.

"Kidonge kimoja kila asubuhi. Ni ugonjwa wa kawaida tu."

Niko nje ya kliniki, nimekishika hicho kidonge. Ni kadogo sana.

Nani mwingine hapa mama yake aliitwa mvivu?