Nusu ya Jiwe Lenye Bawa

Admin, nifiche kabisa, maana huyu mtu anaweza kuwa anasoma hapa. Mimi ni mama wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Walukuba, Jinja. Siku hizi naishi kwa binti yangu, Nkoma, Mbale. Msidhani uzee umenichanganya, akili ninazo.

Enzi za utawala wa jeshi, mume wangu alifundisha sayansi huku Mbale, mimi niko Jinja na mtoto. Wikendi alizunguka vilimani na nyundo, akipasua mawe. Watu walisema ni jasusi. Mimi nilisema ana mwanamke. Kumbe wapi! Siku moja akaja na jiwe lililopasuka vipande viwili kama andazi, kila kipande kina alama ya bawa la mdudu, mishipa imesukwa kama lesi. Akanieleza kwamba ndugu wa leo wa mdudu huyo, wale wa kijani wanaofuata taa, mishipa ya ukingoni mwa bawa haigawanyiki. Ya huyu iligawanyika. Alikuwa amemtafuta katika kila kitabu, hayumo.

"Alishatoweka duniani," akasema, "na hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuishi."

Nusu moja akaniachia. Nyingine akaitia katika mfuko wa ndani wa koti, nami nikaufunga kwa pini kwa mkono wangu huu, maana kifungo kilikatika. Nikamsindikiza stendi. Basi halijaondoka, askari wakamwita kwa jina lake, kisha wakasema: "Wewe mwalimu, kuja hapa." Wakampakia garini na koti lake mwilini. Sikumwona tena. Tangu hapo najiuliza nani aliwatajia jina na siku ya safari.

Sasa sikieni. Majuzi amekuja mwalimu mwenzake, aliyekaa naye nyumba moja Nabuyonga, huku huku Mbale. Nilipofiwa alikuja kulia nami, akaniletea na sukari wakati haipatikani, kisha akahamia ng'ambo. Anasema wataalamu wanahitaji nusu yangu, kwa sababu kwenye yake shina la bawa limemeguka. Wakithibitisha ni mdudu mpya, atapewa jina la mume wangu. Akafungua kitambaa. Nikaleta langu, yakashikana bila mwanya.

Nikamuuliza alilipata wapi.

"Aliniachia mwenyewe, shemeji, kabla hajaja kwako."

Nikammiminia chai huku nikiikumbuka ile pini. Labda alilikomboa kwa askari akimtafuta rafiki yake. Basi mbona anidanganye? Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Binti yangu hajui habari ya pini. Yeye ananiomba tu: "Mama, baba hana hata kaburi. Mpe mzee wa watu jiwe, angalau jina la baba liandikwe mahali."

Jumamosi anarudi kulichukua. Ndugu zangu, nishaurini. Nimkabidhi jina la mume wangu mtu ambaye huenda ndiye aliyelitaja kwa askari?