Samaki Tuliopeleka kwa Guruji

Juzi mujukuu wangu Chanda alitoka sokoni na vijiti vya ubani, vya kufukuza mbu. Akawasha kimoja. Nilikuwa nachambua maharagwe. Mikono ikasimama yenyewe. Harufu ile ilinirudisha moja kwa moja kwenye duka la Muzee Kanti, hapa hapa Nchelenge, miaka ya sabini, nami nikiwa mutoto wa kuchunga kuku.

Muzee Kanti alikuwa Muhindi, aliuza chumvi, vitambaa na nyuzi za nyavu. Muke wake aliitwa Mama Savita. Mama yangu, aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, aliwauzia maboga, na mubebaji nilikuwa mimi.

Siku moja nilikuta duka limefungwa, na haikuwa siku ya Mungu. Nikapita mulango wa nyuma. Ndani kulijaa moshi mutamu. Juu ya meza ndogo palikuwa na picha ya muzee mwenye ndevu nyeupe, amevalishwa maua ya njano. Mbele yake taa ya mafuta, sahani ya matunda, na viatu viwili vya mbao, vitupu, kama mutu amevivua sasa hivi. Mama Savita na bwana yake walikaa chini, macho wamefunga.

"Mama Savita, ni nani?" nikanong'ona.

"Guruji. Mwalimu yangu. Alikufa." Akatabasamu, akanipa ndizi.

Sasa niambieni nyinyi. Mutu amekufa, viatu vyake viko pale, na hakuna anayelia! Kwetu kilio unakisikia kabla hujaiona nyumba. Nikawaza, maskini, hawana ndugu wa kuwasaidia kulia. Nikakimbia nyumbani.

"Amekufa leo?" mama akauliza.

Sikujua. Nikasema ndiyo.

Mama akabeba kitunga cha chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, vikavu. Jirani zetu wawili wakatoka naye: Mama Mwewa na unga, Mama Kapembwa na kuni.

"Mama, kwa Savita hawakulaka samaki," nikasema.

"Nyamaza weye! Samaki ni ya batu ya kilio, haiko ya Savita."

Walianza kulia tangu njia panda. Sauti ya Mama Mwewa ilikuwa ya kusikika mpaka kijiji cha Kabuta. Alimulilia mwalimu yule kana kwamba ni yeye aliyemunyonyesha. Wakajitupa chini kwenye veranda. Muzee Kanti akafungua mulango, miguu mitupu, amechanganyikiwa kunishinda mimi.

"Ba mama, nani amekufa?"

"Weye njo utuambie!" Mama Mwewa akajibu, machozi yanamutiririka. "Mwalimu ya Savita!"

"Lakini huyo alikufa miaka kumi na moja sasa."

Mama Mwewa akakaa, akafunga kitenge chake vizuri. "Miaka kumi na moja, na kilio bado hamujamaliza?"

"Hatuliake. Kila mwaka, mwezi hii ikijaa, tunamukumbuka tu."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Kwa kuwa tulikwisha kufika, Mama Mwewa akatoa unga, Mama Savita akaja mulangoni, akaupokea kwa mikono miwili. Kuni pia akapokea. Mama aliponyoosha kitunga, Mama Savita akaunganisha mikono kifuani, akarudi nyuma hatua moja.

Kwetu, mutu akikataa kitu ulicholeta kwenye kilio, amekwambia kwamba wewe ndiye uliyemuloga marehemu. Hilo hata mimi nililijua. Uso wa mama ukafunga.

"Bon. Ngosa, twende. Mulango hii hatutaiona tena," akaniambia mimi.

Nami nilimupenda Mama Savita. Na mambo yote yale niliyaleta mimi, kwa mudomo wangu.

Ndipo Mama Savita akatoka, akakaa kwenye saruji, miguuni pa mama, karibu kabisa na kitunga chake, akaanza kulia. Yeye aliyetabasamu asubuhi!

"Tangu nilifika huku," akasema, "hakuna mutu alimulilia pamoja na mimi. Samaki siwezi kuingiza mbele yake. Lakini, dada, upike kwako, ulishe batoto ya jirani. Useme ni ya Guruji."

"Alikulaka samaki?" mama akauliza.

"Hapana."

"Sasa itamufikia namna gani?"

"Batoto watashiba," akajibu, kana kwamba hilo ni jibu.

Mama akaweka kitunga chini, akakaa naye. Jioni watoto wa jirani walikula, wakalamba vidole, wakauliza nani amekufa. Sikujua niseme nini.

Niliendelea kutojua mpaka nilipomuzika mama mwenyewe. Waliolia nami walikuwa wengi. Mwaka wa pili, siku ile ile ilipofika, hakuja hata mumoja. Nikazunguka nyumba nzima, sijui pa kuiweka siku yake. Mwisho nikawasha moto, nikapika chisense, nikaita watoto.

Juzi ubani ulipoisha nikamwambia Chanda apike chisense, aite watoto wa jirani.

"Kambo," akauliza, kama wajukuu wote wanavyoniita, "ni ya nani?"

Mimi ninayekumbuka majina yote, hata la mbwa wa dukani, jina lenyewe la muzee wa picha ile, kwani Guruji ni mwalimu tu, sikuwahi kuliuliza.

"Ya mwalimu ya Mama Savita," nikasema. "Ongeza chumvi kidogo."