Mlinzi wa Ukurasa wa Senene

Mume wangu Gervazio ana ulimi unaolipwa mshahara. Kwenye kiwanda cha kahawa hapa Masaka yeye ndiye muonjaji: anavuta kijiko kimoja, anasukutua, anatema, kisha anaandika kwenye fomu kwamba kahawa hii ilianikwa chini kwenye udongo na hii ililala karibu na mafuta ya taa. Shida ni kwamba akirudi nyumbani ulimi haupumziki. Ukimwambia jirani alipita saa nne, atakuuliza saa nne kamili au saa nne na kitu. Siku ya ndoa yetu alimsahihisha padri tarehe, tukiwa bado tumepiga magoti altareni.

Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha ensaiklopidia ya mtandaoni, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiandika na kuisahihisha, umemwonyesha mlevi pipa. Alianza na urefu wa vilima. Akaenda kwenye miaka ya madaraja, akaja kwenye idadi ya parokia, na kila alipogusa aliacha chanzo: kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Wako waliomshukuru na wako waliomtukana. Lakini ukurasa wa moyo wake, ule anaoufungua asubuhi kabla ya kunawa uso, ni ukurasa wa senene, wale panzi wa kuliwa, katika Kiganda chetu.

Ana sababu. Yeye ni wa ukoo wa Senene, na kwetu mtu hali mwiko wa ukoo wake. Senene kwake ni ndugu, na ndugu haliwi. Mimi ni wa ukoo wa Mbawala, na mbawala siku hizi nani anamwona, kwa hiyo mwiko wangu haunisumbui hata kidogo. Wake ndio umenitesa miaka kumi na tisa. Kila Novemba, Masaka nzima ikinuka vitunguu na senene wa kukaanga, jiko langu linapika ndizi na maharage. Nakwenda soko la Nyendo, nakula nimesimama nyuma ya kibanda kama mwizi, nasukutua na maji ya chupa ndipo narudi.

"Umepita Nyendo," anasema kabla sijavua viatu.

"Nimepita."

Hapo huwa yameisha. Novemba iliyopita hayakuisha, kwa sababu mtu mmoja wa Kampala, aliyejiita Kawempe Halisi, aliingia kwenye ule ukurasa akaandika: "Senene huliwa wakiwa baridi, na ladha yao ni kama maganda ya karanga."

Gervazio alinisomea mezani mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Nilikasirika kuliko yeye. Watu wa Kampala wanapelekewa senene wetu kwenye magunia, wanawafikia wamechoka, kisha wanawasingizia. Gervazio akaifuta ile sentensi. Kawempe Halisi akairudisha. Wakafuta na kurudisha mpaka Jumatano, msimamizi wa ensaiklopidia akawafungia mlango wote wawili: mwenye maandishi yaliyochapishwa kuhusu ladha ya senene alete kabla ya Jumatatu, asipotokea mtu, maganda yanabaki.

Na Kawempe Halisi, mbele ya kila anayesoma majadiliano ya ukurasa ule, akauliza, "Ndugu mlinzi, wewe mwenyewe umewahi kuwaonja?"

Mume wangu hajui kudanganya. Akisema hajaonja, nani atamsikiliza tena kwenye ukurasa ule? Alikaa na swali hilo usoni siku nzima. Kesho yake mchana nilimkuta nyuma ya nyumba ameshika pakiti ya gazeti yenye mafuta, amesimama wima kama anayesubiri sindano.

"Paskazia, nitaonja mmoja tu. Nitamtema. Mbona kahawa natema?"

Niliogopa, sitanii. Watoto wetu pacha wana jina la ukoo ule. "Ukimtafuna ndugu yako ukamtema, umemla au hujamla?"

Akafikiri. Aliona swali ni zuri, na hilo ndilo lililomwokoa.

"Lete hapa," nikamwambia. "Leo mdomo ni wangu."

Basi nikala senene nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, mchana kweupe, mara ya kwanza tangu niolewe. Yeye alikaa mbele yangu na fomu ya kiwandani.

"Unasikia nini?"

"Tamu."

"Tamu si taarifa. Tamu ya nini?"

"Ya senene."

"Paskazia, mtu wa Norwei akisoma 'ladha ya senene ni ya senene' atapata faida gani?"

"Aje Nyendo."

"Mwanzoni mwa ulimi kuna nini? Na ukishameza kinabaki nini?"

"Hamu ya mwingine. Andika hivyo."

Nilimaliza pakiti. Akaenda kununua nyingine kwa ajili ya uhakika, nami sikumzuia. Aliwauliza na majirani, akamuuliza fundi baiskeli, akamuuliza mama muuza mkaa, watu wanaokula senene tangu kuota meno, na wote walimjibu kama mimi, ladha ya senene ni ya senene. Adhabu ya kaburi aijua maiti, lakini maiti haijui kujieleza. Jioni tukakamua sentensi moja kutoka kinywani mwangu, akaituma kwenye majadiliano. Jibu likaja upesi: "Mke wako si chanzo kilichochapishwa."

Nimetukanwa mambo mengi maishani, hilo halijawahi. Ni hasira hiyo iliyonikumbusha kijitabu.

Mama mkwe wangu ana kijitabu cha mapishi ambacho akina mama wa parokia yao walikitoa mwaka 1971. Kimepigwa chapa, kina jalada la kijani, na kurasa za mboga na vitoweo aliandika yeye. Nilikiona mara moja kwenye sanduku lake alipokuwa akinitafutia shuka. Nilipomwambia Gervazio, alinikumbatia kwa namna ambayo hajanikumbatia tangu pacha wazaliwe.

Jumapili baada ya misa tukaenda kijijini. Nikapiga magoti nikamsalimu mama, tukaulizana hali mpaka zikaisha, ndipo Gervazio akaomba kijitabu. Mama akakitoa. Ukurasa wa kumi na nne, Senene wa Kukaanga. Gervazio akasoma kwa sauti, kwa furaha, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani aliofaulu.

"'Watoe miguu na mabawa, waoshe, wakaange kwa mafuta yao wenyewe. Kitunguu kiingie mwishoni. Mimi mwanamke sionji, lakini mume wangu Yokana, ambaye hula sahani mbili, husema mwanzo wake ni ufuta uliokaangwa, katikati ni siagi, na mwisho ni karanga mbichi iliyotoka shambani saa hiyo hiyo.'"

Sauti ilimkatikia kwenye sahani mbili, akamalizia yaliyobaki kwa mazoea tu. Kwamba mama hakuonja hakikuwa kitu, enzi hizo wanawake walikatazwa senene.

Mzee Yokana, Mungu amrehemu, alikuwa mzee wa ukoo wa Senene. Alimtoza mtoto wa kaka yake mbuzi kwa kosa la kulamba sufuria iliyokaangiwa senene. Kaburi lake liko pale nyuma ya migomba, na juu yake amechorwa senene mkubwa mwenye mabawa.

"Mama," Gervazio akasema, "Baba alikula?"

"Kitabu kinasemaje?"

"Kinasema sahani mbili."

"Basi. Mimi siandiki uongo, nilikuwa katibu wa parokia." Mama akanyoosha gauni lake magotini. "Alikuwa akifunga mlango kwanza. Alisema senene mwenye mabawa ni ndugu, akishanyonyolewa mabawa ni kitoweo."

"Na padri alichapisha?"

"Padri alikuwa Mholanzi. Ukoo angeujulia wapi?"

"Na wazee wa ukoo?"

"Wanaume gani wanasoma kitabu cha mapishi?"

Gervazio akainamisha kichwa. Nilitaka kucheka, na nilikuwa namwonea huruma pia.

"Miaka yangu hamsini na miwili, Mama. Mimi nanusa tu. Mbona hamkuniambia?"

"Wewe ulikuwa na mdomo, mwanangu. Ungesema."

Ilikuwa kweli, na kweli huwa haibishii. Akakaa na kile kijitabu mapajani. Nilijua anachopiga hesabu. Maelezo yale ya ladha ni bora kuliko yote niliyowahi kusikia, muonjaji mwenzake ndiye aliyeyatoa, na yamechapishwa. Lakini nakala imebaki hii moja, na Kawempe Halisi hatakubali asichokiona. Atataka picha ya ukurasa. Picha ikiingia mtandaoni, ukoo mzima utazisoma zile sahani mbili. Na Jumatatu ilikuwa kesho.

"Piga tu," mama akasema. "Kweli si ndiyo dini yako?"

Gervazio akatoa simu. Kijitabu, kwa uzee wake, kilikuwa kinajifunga kila kinapoachiwa. Mama akasogeza kiti, akakishika kisijifunge. Kidole gumba chake, kipana, chenye doa la ndizi, kikatua katikati ya ukurasa, juu ya Yokana na sahani zake zote mbili.

Mume wangu alikiona. Huyu ni mtu aliyewahi kukataa ramani ya wilaya kwa sababu kona moja ilikuwa imekunjwa. Alikitazama kile kidole, akamtazama mama yake, na mama alikuwa akitazama migomba kama asiyehusika.

Akabonyeza.

Jumatatu asubuhi maganda yalifutwa, na ufuta, siagi na karanga mbichi vikaingia, pamoja na chanzo na picha. Msimamizi akasifu. Tukiwa mezani simu ikalia: Kawempe Halisi ameandika kwenye majadiliano. Gervazio akanisomea.

"'Nakubali. Ila chini ya kidole pameandikwa nini?'"

Akaweka simu chini, akakoroga chai isiyo na sukari. Akainua simu, akaiweka tena. Hatimaye akaandika kwa kidole kimoja, polepole, jasho likimtoka, kisha akanigeuzia kioo nisome kabla hajatuma. Miaka kumi na tisa nimeishi na mtu huyu, na sijawahi kumpenda kama dakika ile.

Alikuwa ameandika, "Kiasi cha chumvi."