Kariakoo, Kumtafuta Mtu Aliyeinywa Dawa

Niliondoka Dodoma kwa sababu nilichoka kuongea na kompyuta. Kwa miaka miwili nachunguza dawa moja ya Kichina ya homa: mdalasini, tangawizi, tende za huko China na mizizi ya aina mbili. Kazi yangu ni kuchora mtandao. Vitone vya kemikali za dawa upande huu, vitone vya protini za mwili upande ule, na mistari ya kuonyesha nini kinagusa nini. Lakini sikuwahi kumwona binadamu hata mmoja aliyeinywa. Nilitaka kumwona huyo mmoja, nijue kama ninachochora kipo duniani.

Asubuhi nilipanda treni. Jirani yangu wa kiti aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomweleza, akageukia dirisha. Simlaumu.

Mchana nilikuwa Kariakoo, nikipishana na mikokoteni na marobota ya vitenge. Kila mtu aliniita bosi na hakuna aliyenijua. Duka la dawa la Bi Lin, mama wa Kichina, liko juu ya duka la jumla la vyombo.

"Karibu kaka. Unaumwa wapi?"

"Siumwi." Nikamwonyesha jina la dawa yangu kwenye simu. "Natafuta mtu aliyepona kwa dawa hii."

Bi Lin alicheka, akamwita mwenye duka la vyombo. Akapanda Mama Neema, Mchaga wa Rombo, akihema kwa ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe umekuja kuuliza nani kapona?"

"Ndiyo mama. Dawa ilikusaidia?"

"Sijui kama ni dawa. Nilipougua homa, huyu Bi Lin kafunga duka lake, kanipikia uji wa mchele, mwepesi, wa moto. Anasema kwao dawa hii hainywewi bila uji. Kanifunika blanketi, kakaa pale pale mpaka nikatoka jasho. Wateja wakagonga mpaka wakachoka."

Bi Lin alitikisa kichwa kukubali. "Kama hakuna mtu wa kupika uji, hii siuzi. Wewe ukiumwa, nani anakupikia?"

Nikajifanya natafuta kalamu mfukoni.

Jioni, kwenye treni ya kurudi, nilipitia majina ya simuni nikitafuta wa kumpigia siku nikishikwa na homa. Wahadhiri, fundi bomba, watu wa ofisini. Tulipofika Morogoro nikaizima simu. Niliona uchungu, sifichi.

Nilichojifunza ni hiki: dawa ile ina kitu cha sita, mtu wa kukaa na mgonjwa. Mtandao wangu haukuwa nacho. Mimi pia sina.